Mzee Aliyekimbia Baridi ya Ofisini

Anayekwambia mizuka hutoka usiku tu, mlete kwangu. Wa kwangu nilimkuta saa nane mchana, jua la Kihonda linachoma utosi, nami nina bisibisi mkononi. Sikuwa nimelewa. Mke wangu yupo, kamuulize.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, viwanda vya umma vinauzwa kimoja baada ya kingine. Nilikuwa fundi kwenye kiwanda cha nguo; kikauzwa, tukapunguzwa, nikabaki natengeneza mafriji ya watu uani kwangu. Siku hiyo meneja, yule yule wa zamani aliyebakizwa na mwekezaji, akaniita.

"Kiyoyozi cha ofisi ya bosi kinatoa hewa ya moto. Bosi anaingia saa kumi. Kikipoza, nakuandika kazi ya kudumu. Kisipopoza, usikanyage tena hapa."

Nina watoto wanne, jamani. Niliiogopa ile mashine kama mtihani.

Nikaifungua. Chujio limejaa vumbi la pamba, nikaliosha. Kompresa inanguruma tu, haiwaki. Nikabadilisha kapasita, ikawaka. Baridi hiyo! Nikaanza kupiga mluzi. Haikupita robo saa, hewa ikafifia, kuchungulia ndani koili imeganda barafu tupu. Nikasema hapa gesi imepungua, nikavuta mtungi.

"Utajaza gesi bure," sauti ikasema nyuma yangu.

Kugeuka, mzee kakaa kwenye kiti cha kona, kavaa sweta mbili, kofia ya sufu imemfika masikioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtu wa wapi wewe?"

"Tabora."

"Ala! Mnyamwezi! Kazi yenu kubeba mizigo, nani kakuonyesha vyuma?"

Hapo nikajua nimepata mtani, Mluguru wa watu. Na utani wetu, unaujua, hata msibani hauna adabu. Nikamjibu, "Na nyie mliozaliwa huko juu milimani, mawinguni, leo mnavaa sweta mbili Kihonda? Wewe mzee ulishakufa, umekosa tu wa kukuzika."

"Walinizika," akasema, "tena kwenye mteremko. Kila nikilala, natelezea miguuni."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Laiti ningejua!

Akanieleza kuwa yeye ni tarishi, na miaka yote kiti chake kilikuwa pale pale, hewa ya ile mashine inampiga kifuani mpaka kifua kikaharibika. "Ndiyo maana nikasokomeza gunia humo ndani. Gesi ipo tele. Hewa ndiyo haipiti, lazima igande."

Nikazima, nikapenyeza mkono kwenye feni ya ndani. Kweli bwana, kipande cha gunia! Fundi mzima, miaka kumi na mbili kazini, nilikuwa naenda kujaza gesi mashine iliyoshiba. Niliona aibu hadi masikio yakawa ya moto.

"Usilitoe," mzee akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Ukilitoa, mimi nitakaa wapi?"

Roho iliniuma, sikufichi. Lakini ungekuwa wewe ungefanyaje, ajira yako imenasa kwenye feni? Nikalivuta. Kisha, kumpoza, nikamwambia, "Njoo kwangu, mtani. Nyumba yangu bati tupu, haina dari, hata marehemu anatoka jasho."

"Umesema," akajibu.

Nikawasha. Chumba kikapoa mpaka vipele vya baridi vikanitoka mikononi. Meneja akaingia, akatabasamu, halafu akakunja uso.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na tarishi wenu."

"Tarishi gani? Tulimzika kwao Mkuyuni, huko milimani, masika yaliyopita. Sijaajiri mwingine."

Nikatazama kile kiti cha kona. Kitupu, kimejaa vumbi, hakuna hata alama ya mtu aliyekaa. Unadhani nilikimbia? Nilisaini mkataba kwanza. Ndipo nikakimbia.

Nafika nyumbani nahema, mke wangu ananipokea mlangoni. "Baba Asha, mgeni wako kakutangulia. Mzee mstaarabu kweli! Nimempa kigoda jikoni, anaota moto."

Mpaka leo yupo. Wanangu wamekua, wameoa na kuolewa, na kila wakija wanaanzia jikoni kumpa shikamoo. Chai tunamwekea, hainywi, ila inapoa papo hapo. Mashehe wamekuja, wachungaji wamekuja, wote anawauliza wametoka wapi, halafu anawatania mpaka wanasahau walichokuja kufanya.

Basi nakuasa. Kiyoyozi kikiganda, angalia njia ya hewa kabla ya kugusa gesi. Na ukikuta mzee wa sweta kwenye kona, mtanie utakavyo, ila chunga mdomo wako usimkaribishe kwako. Mimi nilimkaribisha mwenyewe, na mtani hafukuzwi.