Mtoto wa Makokha

Makokha, kwa lugha ya ukweni, ni jalala. Pale nyuma ya jiko tunapomwaga majivu na maganda ya ndizi, ndipo jina la mwanangu lilipotoka, na anayetaka kucheka acheke. Huku Butere nilikoolewa, mama akizika watoto wakifuatana, anayezaliwa baadaye hulazwa pale jalalani, kisha mwanamke wa nje ya boma hupita akamwokota. Kifo hakihangaiki na kitu kilichotupwa, ndivyo wanavyoamini.

Mimi nilikuwa nimezika wawili. Wa tatu alipofikisha siku nne, mama mkwe aliingia chumbani na jani la mgomba mkononi.

"Mama, lete mtoto."

"Wa nini? Daktari amesema yuko sawa," nikamjibu, wala si kwa upole.

"Hata wale wawili, daktari alisema wako sawa."

Alinimaliza. Nikampa, akaenda kumlaza jalalani juu ya lile jani.

Sharti lilikuwa mama mzazi asitoke. Jirani aliyepangwa kuokota alikuwa amepiga simu kwamba yuko njiani. Nilijibanza nyuma ya mlango wa jiko, nikimsikia mwanangu analia. Dakika tano. Kumi. Jirani hatokei! Mama mkwe akaenda barabarani kumwangalia. Jana yake mvua ilikuwa imenyesha, na mvua ikinyesha siafu hutoka. Jamani, hata mmoja wetu hakulifikiria hilo, na sote tumezaliwa kwenye udongo huu! Hasira zilinipanda: kwa jirani, kwa mume wangu aliyejitia ana shughuli kwenye miwa, na zaidi kwangu mwenyewe.

Kisha kilio kikakatika.

Ningengoja nini tena? Nilitoka mbio bila viatu. Msafara wa siafu ulikuwa umefika ukingoni mwa jani, na mwanangu amelala macho wazi, ananyonya ngumi. Nikamnyakua, nikamkagua masikio, kwapa, vidole. Hakuna hata siafu mmoja. Nilishukuru kwa sauti, nikilia ovyo.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa amesimama pale, jirani nyuma yake anahema. Nikajua nimeharibu. Mama haokoti mtoto wake, maana hapo kifo kitajua ni wa nani. Nilimtazama mama mkwe. Naye aliwalea wale wawili, akawalilia kama mimi. Nilijiandaa kufokewa. Badala yake akaniuliza mimi swali ambalo jirani ndiye angeulizwa, kwa sauti kubwa, boma zima lisikie.

"Wewe mwanamke! Umeokota nini hapo?"

"Nimeokota mtoto."

"Ni wako?"

Maziwa yalikuwa yananichuruzika, blauzi imelowa. Nilitamani kumwambia ndiyo, ni wangu, nitazame.

"Si wangu," nikasema. "Mimi watoto wangu walikufa."

Tangu tuwazike, sikuwa nimewahi kulitamka hilo. Mwanangu, pale kifuani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kunisikia.