Shimo Lililoandikwa Gaëlle

Jumanne, tarehe 4 Julai 2023. Asubuhi kulikuwa na baridi na upepo mkavu, kisha jua likatoka kali bila wingu hata moja. Libérata alikuwa ametandaza maharagwe kwenye turubai mbele ya nyumba yake, kilimani Masisi, alipomwona Carmel akipanda njia kutoka upande wa Walikale. Carmel hununua maharagwe na unga wa muhogo vilimani, akavipeleka kwenye vimji vya machimbo. Akirudi, huleta habari za waume.

"Dada Libé, bwana yako iko muzima. Ata amenona."

"Mungu asifiwe. Na shimo yake ya mupya?"

"Inatoa! Kasiterite ya kweli, nyeusi tii." Carmel aliinama, akachota maharagwe, akayatazama kwenye kiganja kana kwamba amekuja kwa ajili ya hayo tu. "Inaitwa Gaëlle."

"Gaëlle njo nani?"

"Mi niko muuza maharagwe, dada. Usiniulize mambo ya wakubwa."

Kule wanakochimba kasiterite, mawe ya bati, kila shimo lina jina, nalo huandikwa kwa rangi kwenye ubao karibu na mdomo wa shimo. Wengine huweka jina la mtakatifu, wengine la timu ya mpira, wengine la mtoto aliyezaliwa mwaka huo. Byamungu, mume wa Libérata, alipokuwa mkubwa wa shimo kwa mara ya kwanza, au PDG kama wanavyosema huko, aliliita shimo lake Libérata. Alileta picha: wanaume wamejaa matope, wanacheka, na nyuma yao ubao. Libérata aliitundika ukutani kando ya kalenda ya parokia. Wanawake wa kwaya wakaanza kumwita Mama Shimo, naye akajifanya kukasirika. Alikuwa mwanamke wa jembe, mwenye watoto watatu na jozi moja ya viatu vizuri, lakini mahali fulani mbali wanaume walilitamka jina lake kila siku wakienda kazini.

Shimo lile lilijaa maji mwaka uliotangulia, motopompe ya kuvuta maji ikashindwa, wakaliacha. Byamungu alisema ataanza lingine. Hakusema litaitwaje, na mkewe hakuuliza. Hakuona kwamba kulikuwa na la kuuliza.

Wivu haukuanza siku hiyo. Walipokuwa bado wachumba, Byamungu alimnunulia kitenge cha maua ya njano. Jumapili iliyofuata Libérata alikiona kitenge hichohicho kiunoni mwa binti mmoja wa jirani, na tangu hapo hakukivaa tena, ingawa soko zima lilikuwa limejaa maua yale ya njano. Sasa alikusanya maharagwe kabla hayajakauka vizuri, akayatia kwenye gunia, akawapeleka watoto kwa mama mkwe.

"Unaenda kufanya nini Walikale?" mama mkwe aliuliza.

"Kuuzisha maharagwe, mama."

"Na macho yako hayo?"

Alisafiri na Carmel. Walipita Ntoto kwa miguu, wakalala huko kwa familia moja ya wakulima, kisha wakapanda pikipiki mpaka njia ilipokwisha, na jioni ya siku ya pili wakafika Tupendane. Ni kimojawapo cha vimji vitatu vilivyofuatana kwenye mgongo wa mlima, kila kimoja kimezaliwa na shimo fulani. Nyumba ni za mbao na turubai. Juu ya paa moja kuna sahani za jua za kuchajia simu, kando yake kanisa, kando ya kanisa baa yenye televisheni, na kanisa na baa hushindana kwa sauti. Watu huko hutembea haraka, kama wenye kuogopa kwamba mwingine atafika kabla yao.

Libérata hakumtafuta mumewe. Njiani Carmel alikuwa amekiri kwamba Gaëlle ni mpishi; basi aliulizia restora yake, kibanda cha chakula, akaketi kwenye benchi, na gunia lake miguuni.

"Karibu, mama," alisema Gaëlle. "Unakula nini? Bugari na sombe, ao bugari na maharagwe?"

"Maharagwe."

Alipokuwa anakula alitafuta kasoro. Gaëlle alikuwa na shingo ndefu, meno meupe, kicheko cha kutoka tumboni. Sufuria zake zilisuguliwa mpaka zikang'aa. Kucha zilikuwa safi, na hilo kwa mwanamke anayepika kwa kuni linataka juhudi. Libérata alionja tena maharagwe akitumaini kukuta jiwe. Yalikuwa laini, yana kitunguu na mafuta ya mawese ya kutosha. Hayo yalimuuma kuliko kile kicheko.

Mchimbaji mmoja aitwaye Gustave aliinua sahani yake iliyobaki ugali bila kisamvu. "Mama Shimo! Ongeza sombe!"

Mkono wa Libérata ulisimama njiani kuelekea mdomoni. "Kwa nini anakuita vile?" aliuliza.

"Eh, mama, ni batu ya Byamungu," alisema Gaëlle akicheka. "Walipiga jiwe tupu karibu mwaka muzima. Kila mutu aliwafungia mulango, mi nikawalisha. Siku walipata mineral, wakaandika jina yangu."

"Byamungu alikubali?"

"Byamungu njo aliandika na mukono yake! Ule baba iko na mwandiko muzuri."

"Najua mwandiko yake," Libérata alisema. "Mi njo Libérata."

Gaëlle aliacha kucheka. Gustave akafanya ishara ya msalaba, akahamisha sahani yake mpaka mwisho wa benchi. "Yesu! Ile ya maji!"

Byamungu aliitwa. Alikuja na matope hadi magotini, akiwa ameshika tochi yake ya kichwani, akamkuta mkewe nyuma ya restora amekalia gunia.

"Libé! Batoto iko muzima?"

"Iko muzima. Kwa nini mi niko ya maji?"

Aliketi kando yake, akakuna kisogo. "Wachimbaji njo banasema. Shimo ikijaa maji, jina yake hairudi tena. Banasema inaita maji. Kama ningeandika Libérata, hakuna ata mumoja angeshuka."

"Sawa. Ungeandika Mutakatifu Anne."

Byamungu alikwangua tope gotini.

"Ungeandika jina ya mama yako. Ungeandika jina ya mutoto yako, uko na batatu, ungechagua."

"Gaëlle alitulisha, Libé. Watu walikuwa na njaa."

"Na mi nani alinilisha? Nililima peke yangu." Alimgeukia. "Sema kweli. Ni bo walisema waandike ile jina, ao ni weye?"

Byamungu aliwasha tochi ingawa bado kulikuwa na mwanga, akaizima, akaiwasha tena. Libérata aliweza kusikia vijiko ndani ya restora, na Gaëlle akiongea taratibu kuliko mwanzo.

"Ulipenda nini kwake?" aliuliza mwishowe. "Meno?"

"Hakuna kitu kati yetu. Naapa."

"Sijauliza kama kuna kitu. Nimeuliza nani alichagua jina."

"Ni mi," alisema Byamungu.

"Kesho uifute."

"Siwezi. Shimo yenye inatoa, ukigusa jina yake, watanifukuza. Vumilia mpaka Noeli, nitakuya nyumbani, tutaongea."

Libérata alisimama, akajitwika gunia, akaenda kulala kwa mwenyeji wa Carmel bila kumuaga.

Asubuhi iliyofuata alinawa uso, akafunga kitenge cha kwaya, akapanda njia ya machimbo kabla ya timu ya mumewe. Kuzunguka kila shimo kuna kamba, na mwanamke haipiti. Wachimbaji husema akiipita mineral inakimbia, na hawashuki wakati yuko ndani. Libérata aliinua kamba, akapita chini yake, akaketi kwenye jiwe kwenye mdomo wa shimo, akaegemeza mgongo kwenye ubao ulioandikwa Gaëlle. Timu ilipofika ilisimama nyuma ya kamba na nyundo zake.

"Mama, tunakuomba, toka," Gustave alimsihi. "Utafukuza mineral!"

"Naita maji, nafukuza mineral. Kumbe niko na nguvu. Muende mumuite PDG yenu. Akuye na rangi."

Wawili waliteremka mbio kumtafuta Byamungu. Libérata alivua viatu, akavipanga kando ya jiwe, akanyoosha miguu, akangoja.