Nilivyoitikia Shikamoo ya Mama Mkwe

Mimi nimeshacheka sana mikasa ya wenzangu, kwa hiyo leo chekeni wa kwangu, ila mjue kwamba nikiukumbuka masikio bado yanawaka moto.

Ilikuwa miaka ya tisini, nimemaliza chuo kikuu, niko nyumbani Kibaoni, hapa Ifakara, nasubiri kupangiwa kazi, na papo hapo nasubiri jambo kubwa kuliko kazi, yaani jibu la posa. Mshenga wangu, mjomba Severini, alikuwa amevuka mto kwenda Lupiro kwa kina Skolastika, binti niliyemposa, na huko alinisifia mpaka akapitiliza.

"Nimewaambia hunywi, huzururi, na mabanda ya video huyajui hata milango yake," akaniambia aliporudi. "Sasa usije ukaniaibisha, mjomba."

Wiki hiyohiyo, banda la video la karibu na soko likaleta sehemu ya pili ya ile filamu ya daktari wa Kichina, yule shujaa mwenye kipara mbele na msuko mrefu nyuma, anayewapiga majambazi asubuhi na kuwafunga bandeji jioni. Sehemu ya kwanza ilikuwa imetuacha daktari ananing'inia kwenye paa linaloungua, na tangu masika Ifakara nzima tulikuwa tunabishana kama alishuka au hakushuka!

Nifanyeje? Nikionekana, habari zitavuka mto. Nisipokwenda, nitaugua. Nikawaza asubuhi nzima (mimi hata kununua sabuni huwa napima hoja za pande zote mbili), mwisho nikakata shauri dogo tu, tena nikaliona la akili: nikavaa koti la marehemu babu na kofia yake ya pama, nikashika bakora, nikaingia bandani nimejikunja kama mzee, nikakaa benchi la nyuma kabisa, kwenye kona yenye giza. Joto la bonde letu mnalijua, na koti lilikuwa zito kama godoro, lakini nilijipongeza.

Kanda haijaanza, wakaingia kina mama wawili. Banda limejaa vijana watupu wanaopiga miluzi. Sasa wanawake wenye heshima zao watakaa wapi kama si pembeni ya mzee? (Hoja hiyo sikuipima.) Wakaja moja kwa moja kwangu, na yule wa mbele akakunja goti.

"Shikamoo, baba."

Mungu wangu! Sauti ile niliijua, niliwahi kuisikia kwenye kwaya kanisani. Alikuwa mama yake Skolastika, mkwe wangu mtarajiwa, mtu ambaye kwa mila za kwetu hata mkeka mmoja sikai naye, na sasa ananipigia goti. Nisipoitikia, watu watageuka kumtazama huyo mzee mwenye kiburi. Nikiitikia... Kabla sijamaliza kuwaza, mdomo ukajibu wenyewe: "Marahaba, mwanangu."

Akakaa. Bega kwa bega!

"Usitushangae, baba," akaninong'oneza. "Tumeleta mpunga mashineni, foleni ndefu, tukaona tupumzishe macho. Mume wangu tu asijue."

"Hatajua," nikakoroma.

"Na mawazo nayo yamezidi. Binti yangu anaposwa na msomi mmoja wa hapahapa Kibaoni. Wanamsifu katulia mno, hata video haijui. Mimi hilo ndilo ninaloogopa. Kijana asiyejua hata kucheka, si atanikaushia mwanangu?"

Jasho likanitiririka mpaka kwenye soksi. Nikajisikia nasema kwa sauti ya babu, "Mpeni tu, mwanangu. Ni kijana mzuri."

"Unamfahamu?"

"Kama ninavyojifahamu."

Kanda ikaanza. Jamani, daktari alishuka! Alishuka kwa msuko wake mwenyewe, kaufunga kwenye boriti, banda zima likalipuka, mkwe wangu kanishika mkono wa koti anapiga kelele, "Nyuma yako, daktari! Nyuma!" Kisha likaja pambano la ndani ya ghala la mchele, mateke yanapasua magunia, mchele unamwagika kama mvua.

"Mchele, jamani! Mchele wa watu!" akalia.

Hapo nami nikasahau uzee. Nikarukia juu ya benchi, nikarusha teke moja safi hewani, nikapiga ukelele wa Kichina, benchi likainuka upande, kina mama wale chini puu, kofia ikaruka, koti likanivuka. Mwenye banda akafunua pazia la mlangoni kuona kuna nini, mwanga wote ukanimulika.

"We msomi!" Deo, jirani yetu, akapaza sauti kutoka mbele. "Umezeeka lini?"

Mkwe, akiwa bado vumbini, akanitazama usoni. Akajifunika kitenge, akatoka mbio. Mimi nikatoboa ukuta wa mabua, nikatokea nyuma ya banda.

Sikula, sikulala, nikisubiri posa irudishwe. Mjomba Severini alipotoka Lupiro alikuwa anakuna kichwa.

"Wamekubali," akasema. "Ila mama mtu kanitoa nje, akaniambia wewe umuulize mzee mmoja wa Kibaoni, daktari alimalizaje kule kwenye ghala la mchele. Mzee gani huyo, mjomba?"

Na mimi mwenyewe mwisho sikuuona! Ikabidi nirudi bandani mchana kweupe, bila koti. Nilipoinama kuingia, vijana wote wakasimama, wakakunja magoti kwa pamoja: "Shikamoo, baba!"

Koti la babu sijaligusa tena. Siku hizi nikitaka kuangalia video nakwenda na sura yangu, na nikimwona mama mkwe, hata akiwa ng'ambo ya barabara, napaza shikamoo yangu kabla hajafungua mdomo.