Upepo wa Watu Wawili

Mimi nashona viti vya magari, na mdomo wangu hauna breki, gereji nzima inalijua hilo. Anayetaka kusimuliwa kwa upole atafute mwingine. Jirani yangu alikuwa fundi matairi, mtu wa miraba minne, tukimwita Presha. Jina alipewa kwa ajili ya kazi yake, na kwa kuwa aliwapandisha wateja presha. Ukileta gari ukidhani utawekewa upepo uondoke, umeumia. Analaza shavu kwenye tairi kwanza, ajue kama bado lina joto la barabarani. Likiwa nalo anakwambia kaa ungoje lipoe, joto linadanganya kipimo. Akishajaza analamba kidole, anagusa valvu, anatazama kama mate yatafanya povu, maana povu ni upepo unaovuja. Wewe tukana utakavyo, yeye anatazama povu.

Mke hakuwa naye. Aliwahi kuwa na mchumba, tena mzuri, mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Kisha kaka yake Presha akafa, shemeji akaolewa kwingine, na mtoto akaachwa mlangoni kwa Presha na mfuko wa nguo. Mchumba akasema, mimi sikuja kulea. Presha akamjibu, basi nenda salama. Alimlea yule mtoto katika chumba kimoja nyuma ya kompresa, akamsomesha, akamuuguza, akamchapa alipostahili, ingawa kwa maoni yangu hakumchapa vya kutosha. Sare yake ya kwanza ya shule niliishona mimi, kwa kitambaa kilichobaki cha viti vya basi. Kwa hiyo nikimtukana msinishangae, nina haki.

Mtoto akasoma, akapata kazi kwenye ofisi za vioo, akapotea. Sikukuu zinakuja, zinapita, hata salamu. Nikamwambia Presha, kaka, kunguru hafugiki. Alininunia siku nzima.

Halafu, wiki ya harusi yake, huyo akatokea. Alikuja na gari la spoti, jekundu, viti viwili tu, liko chini mpaka ukitaka kuingia unatanguliza makalio kisha unavuta miguu. Hakushuka. Kioo kilishuka badala yake.

"Baba mdogo, wiki hii naoa, na hili gari likishika kasi linayumba. Linataka upepo kiasi gani?"

Salamu hakuna! Presha alikuwa ameshafuta mikono ili amkumbatie, akabaki ameining'iniza. Akainama kutafuta kile kibandiko cha mlangoni kinachosema upepo wa gari. Kilikuwa kimepakwa rangi pamoja na mlango, kwa kuwa gari lilikuwa kuukuu lililopigwa rangi upya, na matairi yenyewe yalikuwa yamebadilishwa, yakawekwa mapana zaidi.

"Itabidi tuutafute kwa kujaribu," Presha akasema. "Siku ya harusi mtapanda wangapi?"

"Wawili. Mimi na wa kunisindikiza kwa wakwe. Na sitaki aibu njiani."

Basi Presha akang'aa uso mzima. Nani anamsindikiza bwana harusi kama si aliyemlea? Hakuuliza. Angeuliza vipi? Mtu haulizi kama yeye ni baba.

Kuanzia hapo yule kijana alikuja kila asubuhi, matairi yakiwa bado baridi, na kila asubuhi Presha alipiga magoti. Alichora mstari wa chaki kukata uso wa tairi, toka ukingo huu hadi ule, akamwambia nenda moja kwa moja ukarudi. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika kingoni tu, umepungua. Ikifutika yote sawasawa, umeupata. Anatoa, anajaza, anachora tena. Kijana akirudi anasema kupitia dirishani, "Bado," kama anamwambia mbwa kaa chini.

Kwa mtu mmoja waliupata mapema. Kazi ikawa upepo wa watu wawili. Presha akafungua mlango wa pili akae, wajaribu.

"Aa, baba mdogo! Hiyo ovaroli yako itanichafulia kiti."

Unajua alichofanya yule mjinga, maana siwezi kumwita jina jingine? Alienda duka la nafaka, akapanda mizani amevaa suti na viatu vya siku hiyo, akarudi, akajaza gunia vyuma chakavu mpaka likalingana naye. Akaomba kwangu kitambaa safi, akakitandika kwenye kiti, akalilaza gunia juu yake na kulifunga mkanda.

"Hili ni mimi," akamwambia kijana, anacheka. "Nimepima na suti kabisa. Siku hiyo hatutakosea hata chembe."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nikamwona yule kijana akilitazama gunia, kisha akimtazama mzee. Alielewa. Akatabasamu kidogo, akasema, "Sawa, chora chaki." Angeweza kusema neno moja, lakini kazi ilikuwa haijaisha. Huyo hana haya wala hajui vibaya.

"Kaka," nikamwambia Presha gari lilipoondoka, "gunia limepanda, wewe umebaki. Huoni?"

"Dada, una roho mbaya."

Siku ya harusi alifika amenyoa, suti imepigwa pasi mpaka inang'aa viwikoni. Vijana wa gereji wakamzomea, "Mzee, unaoa wewe au anaoa mtoto?" Alicheka nao. Akakataa kukaa ili suruali isijikunje.

Gari likaja. Presha akaenda mbio upande wa pili, akashika kitasa, akainama aingie. Ndani mlikuwa na mtu. Mzee mwembamba, mvi zimechanwa vizuri, ua kwenye koti. Bosi wa kijana.

Kioo cha dereva kikashuka. "Fundi," kijana akasema. Fundi! "Linadunda. Mzee wangu huyu ni mwepesi, upepo umezidi. Punguza haraka, tumechelewa."

Yule bosi alikuwa na adabu zake, na hilo ndilo baya zaidi. Akamwambia Presha kwa upole, "Tusaidie, fundi. Leo mimi nasimama kama baba yake. Maskini, kijana huyu hana ndugu hata mmoja duniani."

Nikarusha mkasi mezani. "Alaa! Hana ndugu? Nani kasema hana ndu..."

Presha akaniinulia mkono. Sijawahi kuona uso ule, nami namjua miaka. "Dada, nyamaza. Ni harusi yake." Kisha akamgeukia bosi, akasema, "Hongera, mheshimiwa. Amepata baba."

Yule kijana alikuwa akitazama usukani.

Presha akapiga magoti na suti yake kwenye mafuta machafu. Akafungua valvu ya tairi la kwanza, upepo ukaanza kutoka. Alikuwa akiutoa uzito wake mwenyewe kwenye lile gari, tairi baada ya tairi, na hakufanya haraka. Alipima. Akalamba kidole, akagusa valvu, akatazama povu. Mimi nilikuwa nataka achomoe kila valvu awaache na harusi yao chini, ningemshangilia. Yeye akachora chaki.

"Nenda pale kwenye kona, urudi."

Wakaenda, wakarudi. Chaki ilikuwa imefutika yote, ukingo hadi ukingo.

"Hapo sasa," kijana akasema. "Limekaa sawa. Limekuwa jepesi." Kioo kikapanda, wakaondoka.

Presha akabaki amesimama katikati ya barabara, magoti meusi, mpaka gari likakata kona. "Umeona?" akaniambia. "Halikuyumba hata kidogo."

Hapo nikawaka. Nikafunga kibanda changu, nikachukua mkoba. "Twende! Twende hivyo hivyo ulivyo. Nitawaambia wakwe mbele ya huyo baba wa kukodi nani alimlea, na nani alimfulia nepi. Niambie tu, harusi yenyewe ni wapi?"

Akatazama kule gari lilikoelekea.

"Hakuniambia," akasema. "Nilijua nitapaona tukifika."