Mti wa Helikopta

Juzi nilirudi Kitengela kumwona mama, na kwenye lango la estate moja mpya tukamkuta kijana wa tai shingoni akiuza mitambo ya umeme wa upepo. Kando yake kulikuwa na picha kubwa ya mbegu yenye bawa moja. "Madam, hii ni teknolojia mpya kabisa," akaniambia. "Wameiga mbegu. Mapanga yake yanazunguka hata upepo ukiwa kidogo." Rafiki yangu, nilicheka mpaka mama akanifinya. Ati mpya!

Miaka ya tisini, kando ya ua wa shule yetu, palikuwa na mti mkubwa wa maua ya manjano. Jina lake hakuna aliyelijua. Sisi tuliuita mti wa helikopta. Msimu wa kiangazi mbegu zilishuka zikizunguka, na sisi wasichana ndio tuliozifagia. Mwalimu wetu wa sayansi, mtu wa suti moja na majivuno ya suti kumi, alitufundisha kwamba zinazungushwa na upepo. Basi siku moja, madirisha yote yakiwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi la kiwanda cha simiti, nilipanda juu ya dawati nikaziachilia. Zilizunguka vilevile. Upepo gani huo, ndani ya darasa lililofungwa?

Nilizichunguza kama mtu aliyelogwa. Kichwa kizito upande mmoja, bawa upande wa pili. Ukingo wa mbele mnene, wa nyuma mwembamba kama ganda la kitunguu. Na bawa lenyewe limelala upande kidogo, likikata hewa linavyoshuka. Nikivunja kichwa, bawa linapeperuka ovyo. Nikikata bawa, inaanguka puu! Jioni nilitengeneza zangu kwa karatasi ya daftari, njiti ya ufagio ukingoni na punje ya mahindi kichwani, nikibandika kwa uji. Muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, ulikuwa ukitokota, moshi umejaa jikoni, na nyanya akinung'unika, "Unanijazia nyumba takataka na maji hujachota." Lakini uji aliniachia.

Wakati huo mwalimu alikuwa akiunda kinu cha upepo cha kupeleka kwenye mashindano ya sayansi kule Kajiado. Mimi ndiye niliyechaguliwa kwenda kukieleza mbele ya waamuzi. Nyanya alishanifulia sweta, na usingizi ulikuwa umenihama kwa furaha, kwa sababu sikuwahi kuchaguliwa kwa lolote. Kisha nikakiona hicho kinu. Mapanga ya mabati yalikuwa yameukabili upepo bapa kabisa, kama mlango uliofungwa.

"Mwalimu, hayatazunguka," nikamwambia. "Yapinde kidogo, yalale upande kama bawa la mbegu." Nikamwonyesha ile yangu ya karatasi.

"Kwani nani mwalimu hapa, mimi ama mbegu?" Akaichukua, akaikunjakunja, akaitupa nje. Kajiado akaenda na binti wa mwalimu mkuu.

Nililia siku nzima, na sioni haya kusema hivyo. Waliporudi, binti yule alinisimulia. Kajiado, rafiki yangu, ambako upepo hukuvua kofia ukiongea! Kinu kilisimama tuli mbele ya waamuzi kama ng'ombe aliyekataa kuvuka barabara. Unajua bwana yule alijitetea vipi? Alisema upepo wa Kajiado hauna mpangilio. Mtu mzima, na cheti chake! Wiki hiyo hiyo akamshawishi mwalimu mkuu mti ukatwe, eti unachafua shule. Nilisimama pale shoka likilia, nikijua kabisa anayeadhibiwa ni nani. Baadaye, wajinga huwa hawakosi bahati, alipandishwa cheo.

Shule bado ipo, ng'ambo tu ya lango la ile estate. Ua umekuwa ukuta, tulipokuwa tukifagia ni maegesho, na mama muuza maziwa aliyetusalimu kwa Kimaasai "Supa!" kila asubuhi alishahama na ng'ombe wake. Nilimuuliza yule kijana wa tai kwa nini ukingo wa mbele wa panga ni mnene. Akatazama karatasi yake. "Ni design tu, madam."

Nikamweleza: kichwa, ukingo, kulala upande. Akasikiliza hadi mwisho, tofauti na mwingine ninayemjua. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Sasa madam, hiyo mbegu yenyewe mtu anaweza kuiona wapi?"

Nikageuka kumwonyesha. Upande ule wa shule palikuwa na ukuta tu, umepakwa rangi, safi sana.