Mikono ya Ziwa Tshangalele

Mume wangu alipostaafu kazi ya ufundi kiwandani, alikuwa kama mtu aliyeshushwa kwenye treni kituo kisicho chake. Asubuhi alivaa, akanywa chai, akatoka hadi langoni, akarudi. Mimi ni mshonaji, na cherehani yangu iko barazani, kwa hiyo nilimwona kila alipopita. Watoto wetu wana nyumba zao Lubumbashi na Kolwezi. Tulibaki wawili pale Likasi, katika nyumba ambayo baba yake aliipata enzi za kampuni ya madini, na ukimya wake ulinichosha kuliko malori ya madini yanayotikisa madirisha yetu.

Kisha mapadri wa misheni ya Kapolowe walimwita awatengenezee mota ya kinu cha mahindi. Alirudi baada ya siku chache, suruali imejaa mbegu za nyasi, na macho yake yameamka.

"Mama," aliniambia kabla hajaketi, "miye nimepata boti."

Nilidhani nimesikia vibaya. Likasi ni mji wa vilima na shaba. Hapa mtu akisema amepata kitu, ni baiskeli, au ni gunia la mawe ya kijani ambalo hutaki kujua limetoka wapi. Akanieleza kwamba nyuma ya kinu kulikuwa na boti ya alumini, imelala kifudifudi kwenye nyasi kwa miaka mingi. Hakuna aliyeitaka, na mapadri walimpa iwe asante ya kazi yake.

Boti iliingia Likasi juu ya lori la makaa, imefungwa kwa kamba juu ya magunia, pua yake ikielekea mbinguni. Barabara nzima ilitoka kuangalia. Jirani yetu, mama mmoja mlokole ambaye mume wake anaishi kwa kuchimba na kuuza mawe, aliniuliza kwa upole sana kama sisi Wakatoliki tumetabiriwa gharika. Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa na swali lile lile.

Mume wangu aliziba matundu kwa vipande vya bati na ribiti. Alipata mota kuukuu kutoka kwa mfanyabiashara wa samaki, akaifungua yote juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, akaifunga tena. Aliijaribu uani ndani ya pipa la maji. Ilipowaka, maji yaliruka hadi kwenye magauni ya kwaya niliyokuwa nimeyaanika. Sikumgombeza. Alikuwa amesimama pale amelowa mwili mzima na anacheka, na mimi nilikuwa sijamsikia akicheka tangu astaafu.

Niseme kuhusu maji na mimi. Nilikua nikiyajua maji ya bomba na ya ndoo tu. Siwezi kuogelea. Ziwa Tshangalele haliko mbali na Likasi, lakini kwangu lilikuwa jina tu, mahali samaki wanapotoka. Watu walilitengeneza kwa kuuzuia mto Lufira pale Mwadingusha, kabla mama yangu hajazaliwa, ili maji yazungushe mitambo ya umeme. Umeme huo ndio uliokuja kwetu kwa nyaya. Maisha yangu yote nilishona chini ya taa iliyowashwa na maji ambayo sikuwahi kuyaona.

Siku niliyoyaona, nilishika mkono wa mume wangu na sikuuachia. Tulikuwa tumesimama Kapolowe, ambako lori lilikuwa limeirudisha boti yetu, mahali zilipoegeshwa boti za zamani. Lilibaki gati la saruji lenye pete za chuma zilizoliwa na kutu, na wanawake walikuwa wanafulia juu yake. Mbele yetu hakukuwa na kitu cha kuzuia macho. Mimi ni mtoto wa vilima. Kila nilipotazama maishani mwangu, kilima kilinijibu. Pale hakuna kilichojibu. Maji yalikwenda, yakaendelea kwenda, mpaka yakawa mbingu.

"Unaogopa?" aliniuliza.

Nilimwambia ndiyo. Hakunishawishi. Aliniwekea mto niliokuwa nimeushona mwenyewe kwenye ubao wa mbele, akanivika jaketi ya kuelea, akangoja. Nikapanda.

Kuanzia siku hiyo, karibu kila Jumamosi ya kiangazi tulikwenda. Boti tuliiacha misheni. Wavuvi walimfundisha mume wangu mahali penye visiki, kwa sababu msitu uliozama bado umesimama chini ya maji, na miti mingine imetoa vichwa vyake vyeupe juu, mikavu, kila tawi na mnandi wake aliyetandaza mabawa kama nguo kwenye kamba. Tulipita katikati yao polepole. Niliinama nikaona mashina yakishuka chini, chini, mpaka kijani kikayameza. Ndege walikaa pale pale walipokaa ndege wa zamani, na samaki walipita mahali ambapo zamani mvua ilinyeshea njia za watu. Nilifanya ishara ya msalaba. Sikuwa na hofu. Ni vile unavyofanya ukiingia kanisani.

Kingo za ziwa lile hazikunyooka. Maji yanaingia nchi kavu kwa mahori marefu yaliyojipinda, na wavuvi wanaliita kila hori mukono. Kuna mukono wenye mayungiyungi hadi huoni maji. Kuna ambao una kambi ya wavuvi, vibanda vya nyasi na moshi wa samaki, na mitumbwi imepangwa kwenye matope. Hizo ndizo bandari zao. Kuna mwingine tulizima mota kwa sababu viboko walikuwa wametangulia, na tukarudi nyuma kwa kasia bila kusemezana neno. Mume wangu, mtu aliyekaa mwaka mzima bila hamu ya kufika hata sokoni, sasa alilala akiwaza ni mukono gani hatujauingia.

Tulichokiona mwanzoni mwa mvua ndicho hasa ninachotaka kusimulia.

Tulikuwa tumeingia mukono mmoja upande ambako Lufira inaingia ziwani. Kushoto na kulia palikuwa na mafunjo marefu kuliko mtu aliyesimama kwenye boti. Upepo ulivuma kwa nyuma yetu, mawingu yamejaa, na mwisho wa hori tuliona moshi wa kambi. Mume wangu alisema tusalimie kisha turudi kabla mvua haijashuka. Nikageuka kuangalia tulikotoka, kama nilivyozoea kufanya ili nikumbuke njia.

Njia haikuwapo.

"Papa," nilisema, "mulango iko wapi?"

Aligeuka. "Ilikuwa pale," akasema.

Mahali tulipoingilia palikuwa na ukuta wa mafunjo, na ukuta ule ulikuwa unatembea. Haukuwa na haraka. Ulisogea mzima mzima, na ndege wake juu, na mti mdogo ulioota katikati, kama kiwanja cha mtu kilichoamua kuhama. Ulijibana kwenye ukingo wa upande wa pili, mafunjo yakaingiana na mafunjo, na huwezi tena kusema hapa kuna kiungo. Mume wangu aliendesha boti hadi pale, akachoma kwa upondo. Upondo ulipita majani na mizizi, ukaingia majini, haukugusa chini. Alijaribu kusukuma kwa mota. Majani yalijisokota kwenye panga la mota, ikazimika.

Sikulia. Nilishangaa mwenyewe kwamba silii. Nadhani kitu kikiwa kikubwa kiasi hicho, hofu yako inaona aibu kujitokeza.

Tulipiga kasia hadi kambini. Alitupokea mama mmoja wa rika langu, mfupi, mwenye kitambaa cha njano kichwani; yeye na mume wake, pamoja na jamaa zao, ndio waliokaa pale. Nilipomweleza kwamba tumefungiwa, hakuonyesha mshangao wowote. Alitupa kiti, akatuletea bukari, ugali wetu wa huku, na samaki wa kukaushwa, akatuambia majani yale hayana mizizi ardhini. Mvua za kwanza zikiinua maji, majani yanakatika na kwenda yanakopelekwa.

"Mupepo ikigeuka, itatoka yenyewe," alisema. "Banafungaka hapa bantu wengi. Munalala kwetu."

Simu haikushika. Mvua ikashuka. Tulilala kwenye kibanda chao, juu ya mkeka, na nguo zetu zikinukia moshi.

Alfajiri yule mama aliniamsha kwa kunigusa mguu. Aliniambia nimwite mume wangu, tuje polepole, na tusiongee kwa sauti. Watu wote wa kambi walikuwa wamekwenda ukingoni, mahali kijito kinapoingia kwenye hori. Usiku kile kijito kilikuwa kimefurika na kumwagika juu ya nyasi, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yasiyofika gotini. Nilitazama maji yale nikadhani yanachemka.

Walikuwa kambale. Walikuwa wanapanda kutoka ziwani kwenda bondeni kutaga mayai, kwa maelfu, nikisema maelfu nadhani napunguza. Migongo yao myeusi ilijaa kijito kutoka ukingo hadi ukingo. Walipita juu ya wenzao, wakajivuta kwa vifua mahali maji yalipokosekana, ndevu zao zikipapasa nyasi. Sauti yao ilikuwa kama ya watu wengi wanaotembea peku kwenye matope, wote wakienda upande mmoja. Wakubwa walikuwa na urefu wa mkono wangu mzima. Mmoja alipita juu ya mguu wangu, baridi, mzito, hakunijali hata kidogo.

Nilitazama kando. Wanaume walikuwa wamekunja mikono. Hakuna wavu, hakuna mkuki, hakuna kikapu. Hawa ni watu wanaoishi kwa samaki, na samaki wako miguuni mwao, unaweza kuwaokota kama viazi. Nilimwuliza yule mama kwa nini.

"Leo hatushike," alisema. "Leo ni siku yabo ya kupita. Tukibakamata na mayai, mwaka kesho tutakula nini?"

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekueleza kwa nini unga huhifadhiwa mahali pakavu. Nami nilikumbuka vilima vyetu vya Likasi, vilivyochimbwa hadi vikageuka mashimo, mchana na usiku, na kila mtu akikimbilia kuwahi kabla ya mwenzake. Nilisimama na watu wale, mikono nimekunja kama wao.

Mume wangu alikuwa amechuchumaa kwenye nyasi, maji yamefika kwenye mapaja. Maisha yake yote alikuwa akirekebisha vitu vinavyosukuma vitu vingine: pampu, mikanda, mota. Nilikwenda nikachuchumaa karibu naye. Macho yake yalikuwa yamelowa na sikumwuliza kama ni mvua.

"Angalia, Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuna kitu yenye inabasukuma."

Walipita mpaka jua likawa juu. Kisha wakapungua, wakawa mmoja mmoja, kijito kikawa kijito tu, na watu wakarudi kwenye vibanda kuwasha moto. Mchana upepo uligeuka, ukaanza kutoka upande wa kijito. Tulisimama wote kutazama ule ukuta ukijichomoa ukingoni, na ndege wake, na mti wake, ukaondoka kuelekea ziwa pana. Mume wangu alisafisha panga la mota. Yule mama aliniwekea samaki wakavu kwenye jani, nami nilivua kitenge changu cha pili nikampa. Alikipokea kwa mikono miwili.

Likasi, Jumapili iliyofuata baada ya misa, watu walimwuliza mume wangu kwa nini hatukurudi ile Jumamosi. Huyu ni mtu anayeweza kukueleza kinu cha mahindi kwa nusu saa. Alianza, akainua mikono, akaishusha, akasema, "Tuliona samaki." Wakacheka. Hata yeye alicheka. Mimi nilijaribu na sikufika mbali zaidi yake.

Tulirudi katikati ya kiangazi kilichofuata. Maji ya ziwa yalikuwa yameshuka sana, na mukono ule haukupitika. Ilibidi tuache boti mbali na kutembea. Kambi ilikuwapo. Yule mama alitupokea kama watu wa nyumbani, akatushusha hadi mahali ambapo boti yetu ilikuwa inaelea msimu wa mvua uliopita. Sasa palikuwa ardhi, nyeusi, imepasukapasuka. Juu yake yote, kadiri macho yalivyofika, kulikuwa na vishimo vya mviringo, vyenye upana wa beseni, kimoja karibu na kingine, vimechongwa vizuri hadi nikauliza ni nani aliyekuwa na subira ya kuvichimba.

Alisema ni tilapia. Kila dume husafisha mahali pake chini ya maji kwa mdomo na mkia, ili jike lije kutaga. Sisi tulikuwa tumepita juu yao kwa mota bila kujua kwamba chini yetu kuna mji.

Ndani ya vile vishimo, kwa sababu udongo wake ulikuwa bado na unyevu, yule mama alikuwa amepanda maboga. Majani yalikuwa yameshaanza kutambaa kutoka shimo moja kwenda jingine. Mume wangu alivua viatu, akaviacha ukingoni, na akatembea katikati ya vitanda vile vya samaki kwa uangalifu mkubwa, akitafuta pa kuweka mguu.