Kidole cha Shahada na Trekta

Mama alipopata kiharusi, mkono wa kulia ndio uliobaki nyuma. Mguu ulirudi. Ulimi nao ulirudi, tena mkali kuliko ulivyoondoka. Mkono ukakaa mapajani kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Na mama si mtu wa kula kwa kushoto mbele ya watu. Mimi mwenyewe alinichapa utotoni kwa kosa hilo. Basi tukitandika mkeka ukumbini, yeye anapelekewa sahani chumbani, mlango unafungwa, anakula kwa kijiko na mkono wa kushoto. Ukimwita anajibu, "Kuleni tu, mimi nimeshiba."

Daktari wa mazoezi alimpa mpira mdogo wa kuminya. Akaonya kwamba vidole visipofanya kazi vitajikunja, na vikishajikunja ndiyo basi. Mama aliuminya siku moja. Siku ya pili nikaukuta uwanjani, watoto wa jirani wanaupiga teke.

Kazi yangu ni kununua na kuuza vitu vilivyotumika, hapa Mabwerebwere, wilayani Kilosa: feni, redio, pasi, chochote chenye waya. Nyumbani nilikuwa na mashine ya gemu, ile ya kuchomeka kwenye runinga. Sikuiuza kwa sababu hakuna mteja aliyefika bei yangu, na mimi sikutaka afike. Siku moja nilinunua fungu la diski zake. Nikazihesabu nane, nikarudia, nane. Saba zilikuwa za mpira na ngumi. Ya nane ilikuwa ya kilimo, nikaiweka kuona kama inasoma.

Mama alikuwa amekaa nyuma yangu.

"Huyo anayeendesha trekta ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Unaacha mapengo. Baba yako hakulima hivyo hata alipokuwa na homa. Lete hapa."

Nikampa padi, kile kidude cha kushika kwa mikono miwili. Kwenye padi, trekta linakwenda kwa kitufe cha nyuma, upande wa kulia, kinachokaa chini ya kidole cha shahada. Ukikibana linakwenda, ukikiachia linasimama. Na mama hakuwa tayari kuona trekta limesimama katikati ya shamba. Mwanzoni alikisukuma kidole kile kwa mkono wa kushoto, akikigombeza. Kufika mavuno ya pili kikawa kinabana chenyewe. Alilima, akapanda, akanunua mashamba ya jirani zake wa kwenye runinga. Malalamiko yake yalikuwa mawili tu: hakuna ndege wala mafuriko, kwa hiyo hao wakulima wanadekezwa, na hakuna anayesalimia.

Kisha picha ikakata. Mashine inawaka taa, inavuma, runinga nyeusi. Fundi wa mtaa wetu aliitikisa, akaiweka sikioni, akatangaza msiba.

Nikajaribu gemu hilo kwenye simu. Jina lile lile, ila kule unagusa kioo kwa kidole gumba. Mama akasema hilo si trekta, ni picha ya trekta. Ndipo nikasikia Mikumi, kando ya barabara kuu, kuna dada anauza kompyuta zilizotumika.

"Gemu la kilimo linaingia humu?" nilimuuliza.

"Linaingia, kaka."

"Lile lile?"

"Lile lile."

Hapo nikaona maswali yamekwisha, yamebaki maongezi ya bei. Tulivutana mpaka chai yake ikapoa. Nilimshusha, akanipandisha, nikajifanya naondoka, akaniacha niondoke, nikarudi. Mwisho nikahesabu mali: boksi, kioo, kibodi, mausi, nyaya tatu. Nikahesabu tena. Kamili. Nikapanda gari la Kilosa nikijiona mjanja.

Nyumbani nikagundua kompyuta haina mahali pa kuingiza diski. Na hata ingekuwa napo, diski ya mashine ile haisomwi na hii. Gemu unalinunua upya kwenye duka la mtandaoni, unafungua akaunti, unalipakua, nalo linameza bando lote na kudai lingine. Trekta moja nikawa nimelinunua mara mbili. Likafunguka. Mama akatazama uwanja mtupu.

"Mashamba yangu yako wapi?"

"Yamebaki kule, mama."

"Kule wapi? Mashine si hiyo hapo juu ya kabati?"

"Ndani yake. Hayahamishiki."

Ipo huduma ya kulipia kila mwezi ambayo ingetunza kumbukumbu zake mtandaoni. Niliikataa zamani, kwa kuwa silipii kitu nisichoweza kukiweka mezani nikakihesabu. Hata hivyo isingeyavusha mashamba kuja kwenye kompyuta; mashine na kompyuta ni kama mabenki mawili yasiyosalimiana.

"Mahindi yangu yalikuwa yamekauka," mama alisema. "Nimehamishwa sijavuna."

Akaanza upya akinung'unika, ila akaanza. Na aliendesha vizuri ajabu, hakuna pengo, hakuna kusimama. Nikashusha pumzi. Siku kadhaa baadaye ndipo nikaangalia mikono badala ya kioo. Kwenye kibodi, herufi za kuendeshea trekta ziko upande wa kushoto. Mkono wa kushoto, ule usiougua, ulikuwa unafanya kila kitu. Wa kulia ulilala chini ya khanga, vidole vimeanza kujikunja kama vimeshika mchi.

"Mama, mkono wa kulia?"

"Umefanya nini? Trekta si linakwenda?"

Nikachomeka padi ya zamani kwenye kompyuta. Taa ya padi ikawaka, kompyuta ikajifanya haioni. Nikachomoa waya, nikachomeka tena, ikawa hivyo hivyo. Sikulala vizuri. Asubuhi nikafunga kompyuta yote nikairudishe Mikumi, nikabeba na ile maiti, labda dada angeipokea kama nyongeza.

Alinisikiliza huku anafungua skrubu za mashine. Akachungulia kwa tochi.

"Nani kakwambia hii imekufa?"

"Fundi."

"Tundu la waya wa picha ndilo limevunjika. Mashine yenyewe nzima."

"Na vilivyomo ndani? Itabidi ufute?"

"Subiri."

Nikasubiri nje, natazama malori yanavyopita, siwezi hata kuyahesabu. Aliponiita, runinga yake ilikuwa inawaka. Mahindi ya mama yalikuwa pale pale, yamekauka, yanangoja. Nikahesabu mashamba: saba. Nikarudia: saba. Nikakaa juu ya spika ya mteja.

"Unahesabu nini, kaka?"

Nikamweleza yote, mkono, kijiko, mlango uliofungwa, padi iliyogoma kwenye kompyuta. Akaweka tochi chini.

"Siku ile tumegombana hapa mpaka chai yangu ikapoa, hukutaja mama hata mara moja. Ungesema ni mkono wa kulia, ningekwambia kibodi inaendeshwa kwa kushoto. Na huo waya wa padi unachaji tu, haupitishi kingine. Ungeniuliza, ningekupa wa sawasawa. Ulinikazania bei."

Akataja gharama ya ufundi. Nikalipa. Aliziinua noti zangu kwenye mwanga, moja moja, kuona kama ni bandia.

Kompyuta nilirudi nayo, nikaiuza baadaye kwa mtu ambaye nilimuuliza kwanza anaitaka ya nini.

Jioni ile mama alipokea padi kwa mikono miwili, kama anavyopokea mtoto mchanga.

"Umechelewa. Mahindi yangekuwa ya kweli yangeshaliwa na panya."

Kidole cha shahada kilitetemeka, kikateleza, kikarudi, kikabana. Mashine ya kuvunia ikaondoka. Nami nikaenda uani kufanya kazi ambayo haikuwepo, macho yana maji.

Mahindi hayo yalivunwa, yakapandwa mengine, yakavunwa. Kisha mchana mmoja tumetandika mkeka, mlango wa chumba ukafunguka. Mama akaja na khanga yake, akakaa, akanyoosha mkono wa kulia anawishwe. Tonge la kwanza likamponyoka likaangukia mkekani. La pili lilifika mdomoni. Mlenda ulimchirizika hadi kwenye kiwiko. Hakuna aliyethubutu kutafuna.

"Mnanitazama nini?" alisema. "Sogezeni mboga huku. Mmeiweka mbali kana kwamba nitaifuata kwa trekta."

Tukaisogeza.